Moto Jikoni, Baridi Chumbani

Msomaji wetu wa visiwani akilisikia neno "kuni", mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye chungu. Kuni ni za kupikia. Wali ukiiva na mchuzi ukichemka, moto huachwa ufe wenyewe, na watu wa nyumba hukaa mbali nao kwa kuwa joto la mchana peke yake limewatosha na kuwazidi. Twadhani ndivyo wanavyofikiri pia maofisa wengi wa Serikali ambao maisha yao yamepita Dar es Salaam, Tanga au Mjini Unguja. Ndiyo maana mipango ya kuni na mkaa inayoandikwa pwani huanza na chungu na kuishia kwenye chungu.

Lakini Jamhuri yetu ni kubwa. Kule magharibi, katika nchi ya Waha, ardhi ya Kasulu na Kibondo imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai, mbingu ikiwa haina wingu hata moja, joto lililokusanywa na ardhi mchana hupaa usiku, na alfajiri huja na baridi ambayo mtu wa Makunduchi au wa Micheweni angeikimbia. Huko moto wa kuni una kazi tatu. Ya kwanza ni kupika, kama kwetu. Ya pili ni kuota: mtoto mchanga na mamaye, mzee, mwenye homa, wote hao wahitaji nyumba iliyopashwa joto. Ya tatu ni kukausha: mahindi, maharage na mbegu za msimu ujao huwekwa juu ya uchaga, kichwani pa mafiga, zikafukizwa hadi siku ya kupanda.

Twakusudia kuzungumza juu ya kazi hizo mbili za mwisho, kwa sababu hazitajwi, na juu ya swali moja linalozihusu zote mbili: joto lililo jikoni litafikaje pale linapotakiwa, yaani chumbani na darini, bila ya kuchukuana na moshi?

Mtu wa shamba la minazi hatalishangaa swali hili. Tanuri ya mbata ndiyo hiyo hiyo. Makumbi na vifuu vyaungua chini, nazi zilizopasuliwa zimelala juu ya uchaga, na kinachotakiwa ni joto lipande na moshi usizidi, maana mbata iliyoingia weusi wa moshi hupungua bei. Mkaushaji hodari ajua kwamba kuwasha moto ni kazi moja, na kuliongoza joto lake ni kazi nyingine, tena ndiyo iliyo ngumu.

Tarehe 8 Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakipikia nishati safi. Hatuna ugomvi na shabaha hiyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na wanaoivuta zaidi ni wanawake na watoto wakaao karibu na mafiga. Anayeutetea moshi hajapata kuamka usiku na mtoto mwenye kichomi.

Tunalotaka kulisimamia ni neno lile "kupikia". Mtungi wa gesi ukifikishwa katika nyumba moja ya Kasulu mwezi wa Julai, utachemsha chai na utapika ugali vizuri kabisa. Ugali ukiisha, moto wa gesi huzimwa, kwani hakuna awezaye kuuacha uwake kwa ajili ya kuota. Chumba kimebaki baridi kama kilivyokuwa. Maharage yaliyovunwa juzi yamebaki na unyevu wake. Basi mama wa nyumba hukoka moto wa kuni kama jana na juzi, na bwana afisa apitaye kuhesabu nyumba huandika katika daftari lake kwamba familia hii imepewa nishati safi na imerudia kuni. Aghalabu huongeza kwamba wananchi wahitaji kuelimishwa. Sisi twaona kwamba katika jambo hili wananchi wana elimu ya kutosha. Pungufu liko kwenye daftari, ambalo lina mstari wa chungu na halina mstari wa baridi.

Hali haikuwa hivi siku zote. Nyumba ya kale ya Waha, ule msonge wa nyasi uliotoka kileleni ukafika chini kabisa, ilikuwa kwa jambo hili jengo lenye akili nyingi. Moto ulikaa ndani. Ezeko nene la nyasi lilizuia joto lisitoke upesi, na moshi ulijipenyeza taratibu katika nyasi zenyewe, ukaua wadudu wa ezeko na kuifukiza mbegu iliyo juu. Wataalamu wa majiko husema kwamba moto wa mafiga matatu hupeleka kwenye chungu sehemu 10 hadi 15 tu kati ya 100 za joto lake, na sehemu zote zilizobaki wao huziandika kuwa hasara. Ndani ya msonge hazikuwa hasara: ziliwapasha watu joto na kukausha chakula. Gharama yake ililipwa na macho na mapafu, na gharama hiyo ilikuwa kubwa. Hatusemi watu warudi kwenye msonge.

Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, iliyowakusanya watu waliokuwa wametawanyika vilimani na kuwaweka katika vijiji vya kando ya barabara. Nyumba za pembe nne, ambazo zilikwisha kuonekana huko tangu zamani, zikaenea; kisha likaja tofali la kuchoma, likaja bati. Nyumba hizo ni imara, haziungui ovyo, na mwenye nazo ana haki ya kujivunia. Walakini bati ni jembamba mno kuzuia joto. Usiku wa mbingu tupu hupoa kuliko hata hewa iliyolizunguka, na asubuhi maji hudondoka kwa ndani. Nyumba nyingi hazina dari, na kati ya ukuta na bati hubaki uwazi unaopitisha upepo. Jambo kubwa zaidi ni kwamba jiko limetolewa nje, likajengewa kibanda chake upande wa pili wa ua. Afya ya macho ilipata faida hapo. Lakini zile sehemu 85 za joto ambazo zamani ziliipasha nyumba, sasa zapasha kibanda kisicholala mtu.

Hapa ndipo mauti yanapoingia. Mtu asikiapo baridi, na jiko liko nje, hufanya lile linaloonekana rahisi kuliko yote: hujaza makaa mekundu katika seredani, akaiingiza chumbani, akafunga dirisha na kujaza matambara chini ya mlango. Makaa hayatoi moshi, kwa hiyo hudhani yamekwisha ubaya. Kumbe makaa yanayoungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kukamata mahali pa oksijeni. Aliyelala haamki kikohozi. Huumwa kichwa ndotoni, hulegea, na asubuhi majirani huvunja mlango. Magazeti yetu huchapisha habari za namna hii kila mwaka, kutoka Mbeya, Njombe, Arusha na penginepo penye baridi, na mara nyingi ni familia nzima. Kubeba makaa ni njia moja ya kuhamisha joto kutoka jikoni hadi chumbani. Ni njia mbaya kuliko zote, na itaendelea kutumiwa maadamu hatujawaonyesha watu nyingine.

Na kuni zenyewe je? Kasulu na Kibondo zimebeba mzigo usiobebwa na wilaya nyingi. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi wa Oktoba 1993, wakimbizi walimiminika kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa ajili ya Wakongo; mwaka 2015 Warundi wakaja tena, kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya, na Mtendeli ikafuata Januari 2016 na kudumu hadi ilipofungwa mwaka 2021. Nyarugusu peke yake ilipata kuwa na watu zaidi ya laki moja. Hebu msomaji aifikirie Pemba, atwae robo ya watu wake na kuwaweka pamoja porini, kila familia na mafiga yake, wakipewa mgao wa unga na maharage makavu ambayo huchukua saa nyingi kuiva. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini, na kuni za ndani ya mpaka huo zilikwisha upesi. Waliotoka nje ya mpaka kuzitafuta walikuwa hasa wanawake na wasichana. Wako waliopigwa, wako waliobakwa. Na wenyeji wa vijiji vya jirani, walioiona miti yao ya miyombo ikirudi nyuma mwaka hata mwaka, nao walikuwa na malalamiko ya haki. Kuni iliyopotea bure katika kibanda cha jiko ni kuni iliyogombewa na watu porini.

Wakimbizi hao hao wametupatia, bila ya kukusudia, mlango wa kuliangalia jambo letu kwa upana. Tangu mwaka 2007 Marekani ilipokea maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 na kuishi makambini Kigoma na Kagera, na katika miaka iliyofuata Wakongo wengi wa Nyarugusu wakapelekwa huko pia. Wako waliofikia majimbo ya kaskazini, kama Vermont na Maine, ambako theluji hulala miezi kadhaa. Nyumba nyingi za huko zina chumba kizima chini ya ardhi, na wengine huweka humo jiko la chuma la kuni. Jiko hilo huwaka hata kuta za chini zikawa za moto, na juu, wanakolala watu, maji ya glasi yakawa baridi. Yaani mtu ametoka Kasulu, amevuka bahari, na amelikuta tatizo lile lile limejengwa kwa saruji.

Wenyeji wa nchi hizo wamelihangaikia kwa muda mrefu, na waliyojifunza yafaa kusikilizwa. La kwanza wanalofanya wengi ni kutoboa tundu katika sakafu, juu ya jiko, wakitaraji joto litapanda lenyewe. Kweli hewa ikipata moto hutanuka, huwa nyepesi na kupanda. Lakini chumba cha juu hakikuwa kitupu. Kimejaa hewa baridi, na hewa hiyo isipopata njia ya kushuka, ile ya moto haina pa kuingia. Tundu moja halitoshi. Yatakiwa mawili: moja karibu na jiko kwa kupandia, na jingine pembe ya mbali kwa kushukia, au mlango wa ngazi uachwe wazi. Kisha hewa huzunguka kama maji katika chungu kinachochemka, hupanda katikati na kushuka pembeni. Mwenye feni ndogo huiweka juu ya ngazi, sakafuni, ikipuliza hewa baridi kuelekea chini. Watu hucheka waonapo hivyo, wakidhani ameigeuza, kumbe ndivyo inavyofaa, maana hewa baridi ni nzito na inataka kushuka. Ukiisukuma kidogo tu, ya moto itapanda yenyewe kujaza nafasi. Anayeisukuma ya moto iende juu huichanganya na ya baridi kabla haijafika.

Njia hii ina hatari zake. Tundu lipitishalo joto hupitisha na moto nyumba ikiungua, ndiyo sababu kule huwekwa kifuniko kinachojifunga chenyewe joto likizidi kiasi. Na feni inayovuta hewa karibu mno na jiko huweza kuurudisha moshi ndani pamoja na ile kaboni monoksaidi tuliyoitaja.

Lakini ipo njia ya pili, nayo ni kongwe kuliko ya kwanza na kwetu ndiyo yenye manufaa, kwa kuwa nyumba za Kasulu na Kibondo, isipokuwa chache za mjini, hazina ghorofa wala chumba cha chini ya ardhi. Wakorea tangu kale walijenga jiko upande mmoja wa nyumba, wakaupitisha moshi wake katika mifereji chini ya sakafu ya mawe, ukatokea kwenye dohani upande wa pili. Nao wakalala juu ya sakafu hiyo yenye joto. Wachina wa kaskazini walifanya vivyo hivyo chini ya kitanda cha matofali. Warumi walipasha mabafu yao kwa moshi uliopita chini ya sakafu na ndani ya kuta. Warusi walijenga jiko la matofali kubwa kama kichumba, wazee na watoto wakalala juu yake. Watu wote hawa hawakuhangaika na hewa. Waliupitisha moshi ndani ya jengo, ukaliacha joto lake katika udongo na mawe, kisha ukatolewa nje ukiwa umechoka. Aliyelala hakuuvuta hata kidogo.

Wakulima wa Kigoma hawana haja ya kwenda Korea kujifunza jambo hili, maana mikononi mwao wanalo. Katika wilaya hizi hulimwa tumbaku, na tumbaku ya mvuke hukaushwa katika bani. Mdomo wa moto wa bani uko nje. Moshi huingia katika mabomba yanayozunguka chini, ndani ya bani, na kutokea nje kwa dohani; majani yametundikwa juu, ghorofa baada ya ghorofa, na hayakutani na moshi kabisa. Chini kuna matundu ya kuingiza hewa, juu kuna matundu ya kuitoa, na mkulima huyafungua na kuyaziba mchana na usiku kwa muda wa wiki moja hivi, akilipandisha joto kidogo kidogo. Jani likigeuka rangi kabla ya wakati, amepata hasara ya mwaka. Tumbaku ya moshi ni habari nyingine: hiyo huwashiwa moto chini yake na kufukizwa makusudi. Basi lugha yenyewe ya wakulima imekwisha kutofautisha mambo mawili ambayo mikakati yetu huyachanganya, yaani joto na moshi.

Hatulisifu zao hilo, ambalo limekula misitu mingi kuliko wakimbizi wanavyolaumiwa. Twasema tu kwamba ni ajabu mtu awe na bani ambayo jani hulala ndani yake bila moshi, na mtoto wake alale katika moshi au katika baridi.

Sasa tuseme linalowezekana. Jiko lirudishwe karibu na nyumba, kibanda chake kishirikiane ukuta mmoja na chumba cha kulala. Mdomo wa jiko uwe upande wa jikoni, na lijengwe kwa matofali na udongo likiziba vyungu vizuri. Moshi usiachiwe utoke moja kwa moja. Upitishwe ndani ya ukuta ule wa pamoja, upande, ushuke, upande tena, ndipo uingie dohani na kutoka juu ya bati. Upande wa chumbani usiwe na tundu wala ufa. Ukuta wenyewe ndio utakaokuwa mbeba joto.

Je, ukuta waweza kubeba kiasi gani? Hesabu yake si ngumu. Kilo 1 ya kuni kavu ikiungua vizuri hutoa megajuli 15 hivi za joto. Sehemu ya ukuta wa matofali yenye uzito wa kilo 300, ikipandishwa joto kwa nyuzi 30 za Selsiasi, huweka akiba ya megajuli 7 na nusu, sawasawa na joto lote la nusu kilo ya kuni. Akiba hiyo haitoki kwa mara moja. Hutoka polepole usiku kucha, wakati jiko limekwisha kuzimika na mlango wa jikoni umefungwa. Kwa maneno mengine, kuni zile zile zilizopika maharage jioni ndizo zitakazompasha mtoto joto saa tisa za usiku, na seredani itabaki nje mahali pake.

Kwa mavuno, ukuta huo huo ukijengewa kabati jembamba juu, lenye uchaga, tundu la kuingiza hewa chini na tundu la kuitoa juu, utakausha kwa joto tupu. Lakini hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Moshi ulikuwa mlinzi wa mbegu. Tangu dumuzi aliyetoka Amerika ya Kati alipoonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, mkulima wa nyanda hizi hawezi kuacha mahindi yake wazi na kutumaini. Akiuondoa moshi, ni lazima nafaka ikaushwe hadi unyevu wake usizidi sehemu 13 kati ya 100, kisha itiwe mara moja katika pipa au mfuko usiopitisha hewa. Afisa atakayehubiri jiko lisilo na moshi bila ya kufikisha mifuko hiyo atakuwa amemtia mkulima hasara, na msimu wa pili mkulima atabomoa dohani kwa jembe lake mwenyewe. Naye atakuwa na haki.

Patakuwa na watu watakaotuambia kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa sababu gridi ya Taifa ilifika huko mwaka 2022 na umeme upo. Nasi twafurahi kwamba upo. Walakini jiko la umeme la kupashia chumba, lenye nguvu ya kilowati 1, likiwaka saa 8 kila usiku, hula uniti 240 kwa mwezi, ilhali daraja la watumiaji wadogo lina kikomo cha uniti 75. Mkulima wa maharage hatalipa bili hiyo, wala Serikali haitamlipia. Feni ndogo ya kusukuma hewa ni habari nyingine. Hiyo hula umeme mchache kama taa, na shule au zahanati yenye jiko kubwa upande mmoja na wodi upande wa pili yaweza kuitumia.

Wengine watasema majiko sanifu yamekwisha kugawiwa, katika vijiji na makambini, na mengi yametupwa. Ni kweli. Lakini jiko sanifu, kadiri linavyoupeleka moto kwenye chungu, ndivyo linavyopunguza joto la chumba; hilo ndilo sifa yake. Anayelitumia mwezi wa Februari hulipenda, na mwezi wa Julai huliona limemnyima kitu. Bila shaka hakuna fomu iliyomwuliza juu ya Julai.

Ombi letu kwa wakuu wa wilaya, mabwana maendeleo na wahandisi wa halmashauri, kwa Kasulu na Kibondo na pia kwa Buhigwe na Kakonko zilizozaliwa kutokana nazo mwaka 2012, ni dogo. Nyumba za walimu na za waganga hujengwa kila mwaka kwa ramani zitokazo mbali, ramani zilizochorwa kana kwamba nchi yote ni Chalinze. Katika mojawapo ya nyumba hizo ujengwe ukuta mmoja wa namna hii, kwa mkono wa fundi aliyekwisha kujenga mabani, na dari ya mbao au ya mianzi itiwe chini ya bati ili joto lisikimbie. Ipimwe kuni inayotumika kiangazi kizima, ilinganishwe na ya nyumba ya jirani, na kipimajoto kitundikwe chumbani. Nyumba mbili tu zingetosha kuanza.

Na huyo fundi aelezwe mambo matatu ambayo katika bani hakuyazoea. Dohani ipite kileleni pa paa kwa nusu mita au zaidi, la sivyo upepo utaurudisha moshi. Mzunguko wa ndani ya ukuta usiwe mrefu mno, kwani moshi ukipoa kupita kiasi hukosa nguvu ya kupanda, hugeuka maji na lami ndani ya tofali, na jiko likaanza kutema moshi jikoni. Na chini ya dohani, kwa upande wa nje, liachwe tundu la kuingiza mkono, lizibwe kwa tofali lisilopigwa udongo, ili mwenye nyumba apate kuzoa masizi kila baada ya wiki chache bila ya kumtafuta fundi wala kubomoa ukuta.